Simu umechomeka, komputa haioni kitu: tuanzie wapi

Nina steshenari ndogo Ngamiani hapa Tanga, kazi ni kuchapa, kutoa kopi, kuskani vyeti na kutengeneza CV, na haipiti siku hajaja mtu na simu mkononi anataka kilichomo kwenye simu kiingie kwenye komputa. Mwalimu kaja na picha za mitihani, mama anataka meseji za miamala azichapishe apeleke kwenye kikoba, kijana anataka kutoa video za harusi ya dada yake maana simu imejaa. Na wengi wakifika kwangu wameshazunguka, wameshapakua vijiprogramu vya ajabu ajabu, wengine wameshaambiwa simu ina tatizo "iflashiwe tu". Tafadhali usikubali simu iflashiwe kabla hujapitia haya, kuflashi, yaani kuiwekea simu mfumo wake upya, kunafuta, na kitu chenyewe unachokitafuta mara nyingi kipo palepale hakijaenda popote.

Swali langu la kwanza kwa kila mtu, hata sijaishika simu: wataka meseji au wataka faili? Picha, video, PDF, voisi za WhatsApp hizo ni faili, zinakaa kwenye mafolda na kwa waya unazifikia. Ila SMS za kawaida hazikai kwenye folda unayoweza kuifungua, Android inazifungia ndani kwenye sehemu yake ambayo ukichomeka waya huonyeshwi. Sasa mtu anachomeka simu anapekua folda baada ya folda saa nzima anatafuta SMS, hatazipata hata akeshe. Meseji zina njia yake, nitafika.

Inachaji tu, komputa haioni kitu

Hili ndo linaloleta watu wengi kuliko yote na mara nyingi ni waya. Waya wa USB wa kawaida ndani una nyaya nne, mbili za umeme na mbili za data, sasa hizi waya za bei chee zinazouzwa mezani stendi nyingi wametoa zile mbili za data wakaacha za umeme tu. Inachaji vizuri tu, kwaiyo mwenyewe anakwambia "waya mzima huu nimenunua juzi", na kweli mzima, lakini wa kuchajia. Huwezi kujua kwa kuuangalia, dawa ni kujaribu waya mwingine, hasa ule uliokuja na simu kwenye boksi. Mimi nina waya mmoja nimeufunga utepe mwekundu haukopeshwi mtu, huo ndo wa kupimia, ukikataa huo najua tatizo liko pengine.

Waya ukiwa mzuri, angalia simu yenyewe. Tangu Android 6 ya mwaka 2015 simu ukiichomeka inajiweka kwenye kuchaji tu mpaka wewe uiruhusu, ni usalama huo, ili mtu asichomeke simu yako akabeba vitu. Fungua loki kwanza (simu ikiwa imefungwa komputa itaonyesha jina la simu lakini ukiingia ndani patupu), vuta taarifa kutoka juu ya skrini, kuna sehemu inasema inachaji kwa USB, iguse, afu chagua File Transfer, simu zingine wameandika MTP. Hapo komputa italia ule mlio wake na simu itatokea. Kuna mzee wa Makorora alikuja akiwa amekata tamaa kabisa, kashaandaa hela ya simu mpya, tatizo lake lilikuwa hili tu, kugusa mara mbili. Nilimwambia mzee wangu hela hiyo kale samaki.

Kama ile taarifa haitokei kabisa hata kwa waya mzuri, nenda kwenye tundu la chaji. Hapa kwetu hewa ni ya chumvi, na wale wenzetu wanaoshinda Deep Sea kwenye samaki au wanaotembea na simu mfukoni ufukweni Raskazone matundu yao yanapata kutu ya kijani na pamba za mfukoni zinashindiliwa ndani. Pini za umeme zinaweza kugusa na za data zisiguse, ndo maana inachaji. Zima simu, chukua kijiti cha meno cha mti, toa uchafu taratibu, USICHOKONOE na sindano wala pini ya chuma, nimeona matundu yameuawa hivyo. Kutu ikiwepo, brashi laini na spiriti ile inayokauka haraka kidogo sana, afu iache ikauke kabisa ndo uwashe. Simu ikikwambia kuna unyevunyevu kwenye tundu iamini, usilazimishe chaji, iweke mbele ya feni tundu likiangalia chini.

Na upande wa komputa usisahau. Kama ni ile ya mezani chomeka nyuma, matundu ya mbele mara nyingi waya wake wa ndani umelegea. Usipitishie kwenye kile kigawio cha USB chenye flashi tatu na mausi juu yake.

Simu imetokea kwa jina, ila inagoma au inaleta alama ya njano

Hapo ni draiva, kile kijiprogramu kinachoifanya komputa ielewane na simu. Kitufe cha kulia cha mausi kwenye Start, fungua Device Manager, tafuta simu yako kwenye vifaa vya kubebeka au vile visivyojulikana, iondoe, chomoa waya, zima na uwashe komputa, chomeka tena, Windows itaiweka upya yenyewe. Mara nyingi yaishia hapo. Ila kuna Windows moja inaitwa toleo la N, ile haina vitu vya media na MTP, ile njia ya kupitishia faili, inategemea hivyo vitu, hata ufanye nini simu haiingii, na mafundi wengine wanakuwekea hiyo bila kujua. Angalia kwenye setingi za komputa, About, ukiona imeandikwa Pro N au Home N, nenda kwenye vipengele vya hiari uongeze Media Feature Pack.

Mwenye Mac, jua kabisa Mac haisomi Android kwa waya bila programu ya pembeni, OpenMTP ni ya bure na inafanya kazi. Mwenye iPhone na komputa ya Windows, lazima ukubali Trust pale kwenye simu na uweke namba yako ya siri, na hata hapo utaona picha na video tu, folda nyingine hazifunguki kama Android. Na kama iPhone inakatisha kukopi katikati inasema kifaa hakifanyi kazi, ingia setingi za Photos, shuka chini kabisa weka Keep Originals. Simu inakuwa inahangaika kubadilisha picha kila moja wakati inakopi, ukiizuia kubadilisha inatulia. Picha zitakuja za HEIC, ile aina ya picha ya iPhone, komputa ya zamani inaweza isizifungue, utazigeuza baadaye, muhimu zimetoka.

Inakopi afu inakwama katikati

Hapa naomba unisikilize. Simu kwenye waya siyo flashi. Zamani ilikuwa kama flashi, siku hizi komputa inaiomba simu faili moja moja na simu ndo inatoa, kwaiyo folda ya Camera yenye picha elfu nne inachukua muda mrefu hata kuonekana, mtu anadhani imeganda anachomoa, anaanza upya, inaganda tena. Kopi kwa mafungu, picha mia mbili mia tatu, skrini ya simu iwe inawaka, punguza kile kibana betri. Ukiwa na vifaili vidogo vingi mno zifunge zipu kwenye simu kwanza, faili moja kubwa linapita haraka kuliko vidogo elfu. Usifungue video moja kwa moja ikiwa bado iko kwenye simu, kopi kwanza ndo ufungue.

Na usitumie CUT. Kopi, pesti, fungua picha tano sita za mwisho upande wa komputa uone zinafunguka, ndipo urudi kwenye simu ufute. Nimeshaona binti wa Chumbageni amekata na kupesti picha za mahafali yake umeme ukakatika, nusu hazikuwa kwenye simu wala kwenye komputa. Tulizipata chache, zingine basi. Umeme wetu tunaujua, kwaiyo kopi.

Likigoma faili moja tu kubwa, video ya saa nzima, na unapeleka kwenye flashi, basi flashi yako imeformatiwa kwa mtindo wa FAT32, huo haubebi faili moja linalozidi GB 4 hata kama nafasi ipo. Toa vilivyomo uviweke pembeni, iformati iwe exFAT, itakubali.

Nimetoa memori kadi nimeweka kwenye komputa, inasema niiformati

SIMAMA HAPO. Bonyeza hapana. Hili naliandika kwa uchungu maana linaua vitu vya watu na kosa siyo lao, ile sentensi ya Windows imekaa kama inakusaidia.

Android tangu hiyohiyo ya 6 inakuruhusu kuifanya memori kadi iwe sehemu ya simu, ile wakati umeiweka inakuuliza utumie kama hifadhi ya ndani au ya kubebeka. Ukichagua ya ndani, simu inaifunga kadi kwa ufunguo, na ufunguo unakaa ndani ya simu ileile. Ukiitoa ukaiweka kwenye komputa au simu nyingine inaonekana tupu au mbovu, ndo Windows inasema haiwezi kuitumia mpaka iformatiwe. Kadi ni nzima! Irudishe kwenye simu yake, iwashe, vitu vitatokea, afu uvitoe kwa waya kama nilivyosema juu. Lakini ukishaformati, au ukishaiflashi ile simu, ufunguo umeenda na picha zimeenda, na hakuna fundi wa Tanga wala wa Dar wa kuzirudisha, atakayekwambia anaweza muulize kwanza anazifungua kwa ufunguo gani.

Kama kadi ilikuwa ya kubebeka na imeingia kwenye komputa za watu ikarudi na vishotikati badala ya mafolda, hicho ni kirusi, kimezificha folda zako, hazijafutwa. Usibonyeze hivyo vishotikati. Skani kadi, afu fungua ile skrini nyeusi ya cmd uandike attrib -h -r -s /s /d E:\*.* (badala ya E weka herufi ya kadi yako), folda zitaonekana tena.

Naziona picha, ila vitu vya WhatsApp sivioni

Watu wanatafuta folda ya WhatsApp pale mwanzoni ilipokuwa zamani. Imehamishwa kuanzia Android 11, pita Android, afu media, afu com.whatsapp, afu WhatsApp, afu Media. Humo kuna picha, video, Documents na Voice Notes. Majina ya vifolda vya voisi ni namba, 202411 maana yake mwaka 2024 wiki ya 11, na faili lenyewe linaanza na PTT likifuatiwa na tarehe, mwishoni opus. Likigoma kufunguka siyo bovu, weka programu ya VLC litalia.

Nimekaa na mama mmoja wa Mabawa karibu saa mbili tukitafuta voisi za marehemu mumewe, simu ilikuwa na WhatsApp mpya baada ya kubadilisha namba na mtoto wake alishamwambia zimepotea. Mazungumzo kweli hayakuwepo tena, lakini faili za voisi zilikuwa bado kwenye folda, hakuna aliyezigusa. Tulihesabu wiki kurudi nyuma mpaka mwezi aliougua. Nilizikopi kwenye flashi mbili, moja akae nayo yeye moja kwa mtoto. Ndo maana nakuwa mkali mtu akitaja kuflashi.

Zile faili zinazoitwa msgstore zenye crypt mwishoni ndo mazungumzo yenyewe, ila yamefungwa, kwenye komputa hazisomeki, usihangaike nazo na usimlipe mtu. Ukitaka mazungumzo yasomeke, ingia kwenye chati kwenye simu, chagua kuihamisha, itatoka kama maandishi ya kawaida ujitumie.

Nataka SMS kwenye komputa

Njia nyepesi ni Google Messages. Iwe ndo apu ya SMS kwenye simu yako, kwenye komputa fungua messages.google.com/web, kwenye simu gusa picha yako pale juu, chagua kuoanisha kifaa, skani ile kodi ya QR inayotokea kwenye komputa. Meseji zote zinatokea, unaweza kuchapisha hiyo ya muamala unayoitaka. Ikisema haiifikii simu, basi simu haina data au kibana betri kimeilaza apu, na hizi Tecno na Infinix zetu zinalaza apu sana, ingia setingi za betri uiruhusu ifanye kazi nyuma.

Kama unataka zote ziwe faili uhifadhi, kuna apu ya SMS Backup & Restore, inazitoa zote kwenye faili la XML, unalikopi kwa waya. Mwenye biashara ya uwakala nakushauri hivi hasa, simu ikiibiwa meseji zote za miamala zinaondoka nayo. Na kwa iPhone meseji zilizofutwa karibuni angalia kwanza ndani ya Messages penyewe, kuanzia iOS 16 kuna sehemu zinakaa siku 30 hivi.

WhatsApp Web au Messages haifunguki, inaleta onyo jekundu

Kabla hujalaumu mtandao, tazama saa na tarehe ya komputa pale chini kulia. Komputa nyingi za zamani zimeishiwa kile kibetri cha ndani, duara la CR2032, ukizima umeme saa inarudi miaka kumi nyuma. Tovuti zina cheti chenye tarehe ya kuanza na kuisha, komputa inayodhani iko mwaka 2012 inaona cheti bado hakijaanza, inakataa. Rekebisha tarehe itafunguka papohapo, afu badilisha kibetri, ni cha kawaida tu maduka ya saa wanacho. Tarehe ikiwa sawa na bado inagoma, angalia brauza, Windows 7 haipati Chrome mpya tangu mwanzoni mwa 2023.

Ukiunganisha kwa WhatsApp Web, simu haihitaji kuwa hewani muda wote siku hizi, ila ukikaa siku 14 hujaifungua WhatsApp kwenye simu komputa inatolewa. Na mazungumzo ya zamani sana hayaji yote, hayo yabaki kutafutwa kwenye simu.

Sina waya kabisa

Washa hotspoti ya simu, komputa iingie hapo, fungua apu ya mafaili kwenye simu yako, nyingi zina kipengele cha FTP au kushea kwa mtandao, itakupa anwani, mara nyingi inaanza na 192.168, iandike kwenye komputa. Hii haili bando, faili linapita baina ya simu na komputa haliendi intaneti. Kinachokula bando ni Windows yenyewe kujisasisha ikiona mtandao, kwaiyo iweke ile hotspoti kuwa ya kupimwa (metered) kwenye setingi za komputa kabla hujaanza, au zima data kabisa hotspoti ikibaki. Kwenye waifai ya hoteli au ya wageni inaweza igome kwa sababu wamezuia vifaa kuonana, siyo kosa lako.

Kioo kimepasuka, siwezi kugusa

Kama kinaonyesha ila hakisikii mkono, nunua kile kijiunganishi cha OTG, chomeka mausi ya kawaida kwenye simu, mshale utatokea, fungua loki kwa mausi. Afu sasa una tundu moja tu na mausi imelikalia, kwaiyo tumia hiyohiyo mausi kuwasha hotspoti ufanye kama hapo juu. Kikiwa cheusi kabisa, badilisha kioo, hata kile cha bei rahisi cha muda, simu ikiwaka utatoa kila kitu. Mwambie fundi mbele yako: kioo tu, usifute chochote.

Mwisho kuna wanaokuja na simu ya mke au mume wanataka niwatolee meseji. Sifanyi, na siyo roho mbaya, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inahesabu kosa kuingia kwenye kifaa cha mtu bila ruhusa, na mimi nina watoto. Mwenye simu aje mwenyewe aweke namba yake ya siri. Na wewe uliyefungua meseji zako kwenye komputa ya steshenari, yangu au ya mwingine yeyote, kabla hujalipa na kuondoka shika simu yako, ingia vifaa vilivyounganishwa kwenye WhatsApp na kwenye Messages, toa hiyo komputa, afu futa kopi za picha zako kwenye Downloads na uzimwage na kwenye pipa la taka. Asubuhi nikifungua nakuta WhatsApp za watu ziko wazi, nazitoa mimi, lakini siyo kila meza utakayokaa watakufanyia hivyo.